Nguo huangaliwa kwa ndani: somo tunalolipata Hamburg



Leo tunaweka shela na hina pembeni kidogo, tuzungumze juu ya mji wa Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani. Kwetu watu wa Visiwani si mji mgeni sana. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa na nyumba zao za biashara hapa Unguja, na Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliondoka hapa mwaka 1866 akaolewa na mfanyabiashara wa huko. Tangu mwaka 2010 Hamburg na Dar es Salaam ni miji rafiki.

Kilichotuvutia safari hii ni desturi yao ya kuwafungulia watu mlango wa nyuma. Makampuni na taasisi za Hamburg na vitongoji vyake huwaita wananchi waingie ndani, pale kazi inapofanyika, waone kwa macho na waulize.

Mwaka 2008 walianzisha jioni maalumu inayoitwa Lange Nacht der Industrie, yaani Usiku Mrefu wa Viwanda. Mtu anajiandikisha mapema, anapandishwa basi na wenzake, na jioni ile ile anapelekwa viwanda viwili. Baadaye mikoa mingine ya Ujerumani ikaiga. Huko Finkenwerder, ng'ambo ya mto Elbe, Airbus wanaunganisha ndege, na wageni hutembezwa kwa makundi wakaona ndege ikiwa bado haijakamilika. Ukumbi wa jiji, wenye vyumba 647, nao una matembezi ya kuongozwa, mwananchi akaona wanapokaa wanaomtungia sheria. Na katika maghala ya zamani ya Speicherstadt, yalikokuwa yakihifadhiwa kahawa, chai na viungo, kuna maonyesho makubwa ya treni ndogo za kuchezea yanayoitwa Miniatur Wunderland. Pale watu wanalipa pesa ya ziada ili waoneshwe upande wa nyuma, penye nyaya na mafundi wake. Hebu fikirini, mbele kote kumepambwa, na bado mteja anatoa pesa aone nyuma!

Watoto nao hawakusahauliwa. Tangu mwaka 2011 kipindi kimoja cha watoto cha televisheni kina siku ya kufungua milango Ujerumani nzima, kila tarehe 3 Oktoba, ambayo ni sikukuu ya taifa. Na siku hiyo hiyo, tangu mwaka 1997, Waislamu wa Ujerumani hufungua misikiti yao kwa majirani wasiokuwa Waislamu. Wanaingia, wanavua viatu, wanakaa, wanauliza wanachotaka. Ndugu zetu wale wameelewa kwamba mlango uliofungwa huzaa maneno. Jirani asiyeona kilicho ndani atajaza mwenyewe, na mara nyingi atajaza mabaya.

Tunajua wapo watakaosema kuwa hayo ni matangazo tu. Ni kweli, matangazo yamo. Kampuni inataka jina zuri na inatafuta vijana wa kuja kujifunza kazi. Na anayengojea mgeni lazima afagie kwanza. Lakini sisi tunasema, hata hiyo fagio ni faida. Anayejua kwamba kuna siku ataingiliwa hawezi kuacha uchafu ukae mwaka mzima. Na mgeni akishaingia, anaweza kuuliza swali ambalo halikupangwa.

Sisi ni mafundi cherehani, na kwa jicho letu habari hii ni ya nguo. Ukitaka kumjua fundi, usiiangalie nguo ikiwa imevalishwa kwenye sanamu ya dukani. Igeuze ndani nje. Hapo utaona kama mshono umefungwa au nyuzi zinaning'inia, kama bitana imekatwa vizuri, kama ameacha kitambaa cha kutosha pembeni ili nguo iweze kupanuliwa. Mbele mtu anaweza kuficha kwa shanga na lesi, lakini ndani hapana pa kujificha.

Na hili hatukuanza kufundishwa na Wajerumani. Mnakumbuka habari ya Mtume wetu, sallallahu alayhi wasallam, alipopita sokoni akatia mkono wake ndani ya rundo la chakula cha muuzaji mmoja. Juu kilikuwa kikavu, chini vidole vikakuta maji. Muuzaji akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asikiweke kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akatoa onyo kali kwa mwenye kughushi. Mvua haikuwa kosa la muuzaji yule. Kosa lake ni kuficha.

Sasa turudi kwenye harusi zetu. Bibi harusi anatoa pesa nyingi kabla hajaona kitu. Analipa malipo ya awali ya nguo, ya mapambo, ya chakula, ya keki. Anachooneshwa ni picha kwenye simu, na picha yenyewe huenda si ya kazi ya anayemuonesha. Nguo inashonwa wapi, na nani, kwa kitambaa kile kile alichokichagua? Chakula cha wageni mia tatu kinapikwa jiko gani? Anakuja kujua wiki ya harusi, wakati hakuna tena nafasi ya kubadilisha. Fedha ile mara nyingi ni jasho la wazazi na michango ya shangazi na mama wadogo, na siku ile haina marudio.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Dada, kabla hujalipa, omba kuingia ndani. Omba uone cherehani inayoshona, uguse kitambaa, ugeuze nguo moja iliyokwisha. Omba uone jiko. Usione haya, kwani kuuliza si kutukana. Fundi mwaminifu atafurahi, na anayekasirika kwa kuombwa tu, amekwisha kukujibu.

Nasi wenye biashara tusijifiche nyuma ya neno sitara. Sitara ni haki ya mteja, si pazia la kufunika uzembe wetu. Vipimo vya mwili wa bibi harusi ni amana, nguo yake haipigwi picha kabla ya siku yake, na chumba cha kujaribia si cha kila mtu. Hata Airbus mgeni huingia kwa kujiandikisha na kitambulisho, na haruhusiwi kupiga picha. Kufungua mlango hakuna maana ya kuondoa mlango. Tunaweza kutenga asubuhi moja kila mwezi, wateja na mama zao wakaja kwa miadi, nguo za watu zikawa zimefunikwa, na kazi ikaonekana.

Tuwaite na wasichana wa skuli pia. Wengi wanadhani ushonaji ni kazi ya aliyefeli. Waje waone hesabu iliyomo katika kukata sketi ya duara, waone daftari la mapato na matumizi, waone mwanamke anavyolipa kodi ya pango kwa mikono yake. Huenda mmoja wao akapata riziki yake hapo.

Allah atujaalie kazi zetu ziwe safi kwa ndani kama zinavyopendeza kwa nje, na azibariki ndoa za mabibi harusi wetu wote. Amin.