TAMKO LA KATIBU WA TAWI: TUSIMCHEKE BINTI YETU



Kikaoni Jumapili tulicheka tuliposikia binti wa mwenzetu, wa kidato cha nne, anataka kusomea sanaa na ubunifu. Mimi mwenyewe niliuliza, "Takataka zitamlipa?" Nakiri nilikosea.

Nimekwenda kuona kazi zake: taa na vikapu vya chupa alizookota kwenye mtaro wetu, ule ule tunaochangia kuuzibua kila masika. Kwenye daftari langu la hesabu mtaro huo ni gharama tupu. Yeye amepata humo malighafi ya bure.

Wala si ndoto. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa ndala chakavu. Mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar.

Mzazi wake anatusikiliza. Tukiendelea kucheka, atamkataza. Napendekeza Jumapili hii binti alete kazi zake tuzione, kisha tuzungumze na mzazi kabla fomu ya kuchagua masomo haijajazwa.

Mwenye maoni tofauti aje kikaoni ayaseme.

Wenu katika ujenzi wa tawi,
Katibu wa Tawi