TAHARIRI: Cheti cha Uraia Kiheshimiwe, Wakala Asakwe

Barabara kuu inayopita Korogwe hadi Segera inafahamika vizuri kwa maofisa wa Uhamiaji, na kwa mawakala wa magendo ya binadamu pia. Hupitishwa humo vijana wa Ethiopia na Somalia walioingilia mpaka wa Kenya, wakitafuta ajira Afrika Kusini. Jirani, wilayani Handeni, makazi ya Chogo yana watu waliozaliwa Somalia hiyohiyo, lakini wengi wao leo ni Watanzania kwa mujibu wa sheria. Mlinzi wa usalama asiyetofautisha makundi haya hajui kazi yake.

Watu wa Chogo ni uzao wa Wazigua waliouzwa utumwani karne ya 19 na kupelekwa bonde la Juba. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, walikimbilia Tanzania, wakahifadhiwa kambi ya Mkuyu, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo. Kizigua chao kilikuwa bado hai. Hata hivyo, nasaba pekee haimpi mtu uraia. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humtaka mwombaji wa tajnisi awe ameishi nchini kwa muda uliowekwa, awe na tabia njema, ajue Kiswahili au Kiingereza, na aukane uraia wake wa awali. Waziri anaweza kumkatalia, na anaweza kumvua uraia aliyethibitika kukosa utii kwa Jamhuri. Basi ofisa atakayedharau cheti cha uraia kilichotolewa kwa masharti hayo kwa sababu ya jina au lafudhi ya mwenye nacho atakuwa anaidharau Serikali iliyokitoa.

Hatupuuzi hatari ya ugaidi iliyopo. Wanamgambo wa Al-Shabaab wa Somalia waliua watu nchini Kenya, Westgate mwaka 2013 na Garissa mwaka 2015. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam nao ulilipuliwa tarehe 7 Agosti 1998. Lakini Khalfan Khamis Mohamed, aliyehukumiwa kifungo cha maisha New York mwaka 2001 kwa mlipuko huo, alikuwa Mtanzania. Lafudhi isingemfichua. Wa aina yake hunaswa kwa taarifa, upelelezi na ushahidi.

Kinachoitoboa mipaka yetu ni fedha. Juni 2012, Waethiopia zaidi ya 40 walikufa ndani ya lori, miili yao ikatupwa mkoani Dodoma. Safari kama ile haiwezekani bila dereva, mwenye nyumba ya kuwaficha watu, na mtumishi wa umma anayefumba macho. Kumshtaki msafiri na kumrudisha kwao huku wakala akibaki huru ni kuahirisha lori linalofuata.

Uhamiaji na Polisi wamfuate mwenye gari na mwenye fedha, na hukumu watakazopewa wahalifu hao zitangazwe. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji wa Handeni na Korogwe waandikishe wageni na kutoa taarifa mapema, bila kuwageuza majirani wao wenye vyeti kuwa washukiwa. Mtumishi atakayepokea rushwa barabarani ashtakiwe. Kumhamisha kituo si adhabu.