Mafuta ya mimea kwenye pikapu: baridi ya Julai ndiyo mtihani

Mpenzi msomaji, kama karo na unga wa nyumba yako hutoka kwenye pikapu ya dizeli, bila shaka hujasahau Oktoba 2023. Mwezi huo bei ya lita moja ya dizeli jijini Nairobi ilipita Sh205, na wenye magari ya mizigo wakabaki wakijikuna vichwa.

Bei ikipanda namna hiyo, wazo moja hurudi kila mara katika gereji zetu. Utaambiwa injini ya dizeli haichagui chakula, na kwamba ukipitia vibanda vya chipsi ukakusanya mafuta yaliyokwisha kazi, umeondokewa na shida.

Wazo lenyewe si la kuchekwa. Katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, injini ya aina hii iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga. Lakini injini ya mwaka ule na pikapu unayobebea viazi kutoka Kinangop hadi soko la Wakulima si ndugu wa karibu.

Mafuta ya kupikia ni mazito kuliko dizeli. Ukiyamimina jinsi yalivyo, nozeli hazitayanyunyiza sawasawa. Yataungua nusu nusu, yaache masizi ndani ya injini, na ringi zianze kukwama. Gari litaenda, tena huenda likaenda miezi kadhaa, kisha siku moja fundi akutajie gharama utakayoshindwa kumweleza mama watoto.

Biodizeli ni kitu kingine. Hayo ni mafuta ya mimea au ya wanyama yaliyopikwa pamoja na methanoli na kostiki soda. Kwa kila kilo 100 za mafuta huingia takriban kilo 10 za methanoli. Mwishowe hupatikana takriban kilo 100 za biodizeli na kilo 10 za gliserini, ambayo hutumiwa kutengenezea sabuni. Biodizeli husafishwa na kukaushwa ndipo iwe tayari kutumika.

Tafadhali usijaribu kazi hiyo nyuma ya nyumba. Methanoli ndiyo sumu iliyochanganywa katika pombe haramu na kuua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi mnamo Novemba 2000, na kuwapofusha wengine. Inashika moto upesi, na mwali wake karibu hauonekani mchana. Nyumba yenye watoto si mahali pake.

Sasa tuje kwenye mchanganyiko. Ukisikia B5, jua ni asilimia 5 ya biodizeli na asilimia 95 ya dizeli ya kawaida. B20 ni asilimia 20. B100 ni biodizeli tupu. Magari mengi hayana taabu na B5. Yanayoruhusiwa B20 ni machache zaidi, hivyo soma kitabu cha gari lako kabla ya kusikiliza maneno ya stejini.

Je, mchanganyiko huo waweza kutumika mwaka mzima, kuanzia Januari hadi Disemba? Hapo ndipo penye mtihani.

Biodizeli huganda upesi kuliko dizeli. Kwanza hufanya ukungu, kisha chembe kama za nta, na chembe hizo huziba filta. Kiwango cha baridi kinachofanya hivyo hutegemea mafuta yalikotoka. Iliyotokana na soya huanza kufanya ukungu karibu na nyuzi 0 za Selsiasi. Iliyotokana na mawese huanza mapema zaidi, kwenye nyuzi 13 hivi au hata kabla ya kufika hapo.

Basi fikiri kidogo, msomaji. Mafuta mengi ya kupikia hapa nchini hutokana na mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Alfajiri ya Julai, Nairobi hushuka hadi nyuzi 10 au 12, na Nyandarua huko baridi hupita hapo hadi majani kufanya barafu. Biodizeli tupu ya mafuta ya chipsi itakuacha Kinangop na mzigo wako, huku wenzako wakiwahi bei nzuri sokoni.

Wenzetu wa jimbo la Minnesota, Marekani, wanaijua baridi ya nyuzi 30 chini ya sufuri. Hata hivyo, tangu 2005 sheria yao inataka dizeli ichanganywe na biodizeli. Walianza na asilimia 2. Tangu 2018 huuza B20 katika miezi ya joto, na kipupwe kikibisha hodi hurudi B5. Hilo ndilo jibu lao: mwaka mzima, ndiyo, lakini kipimo hubadilika na majira.

Hata hao hawakufika hapo bila kujikwaa. Mwishoni mwa 2005 filta za malori zilianza kuziba, na ikagunduliwa kwamba baadhi ya biodizeli ilikuwa na gliserini isiyoondolewa vizuri. Jimbo likalazimika kusimamisha amri hiyo kwa muda. Kama kiwanda chaweza kukosea, mtungi usiojulikana ulikotoka je?

Ukipata muuzaji wa kuaminika, yafuate haya. Anza na B5, na upande polepole. Biodizeli huosha uchafu wa miaka mingi ndani ya tangi na kuusukuma kwenye filta, kwa hivyo nunua filta ya pili barabara ya Kirinyaga na uiweke ndani ya gari.

Kama pikapu yako ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990, mwambie fundi akague paipu na mipira. Biodizeli hulainisha mipira ya zamani hadi ivuje. Usiweke akiba zaidi ya miezi sita, kwani huchacha na kuvuta maji. Na kuanzia Juni hadi Agosti, kama njia yako ni ya milimani, rudi B5 au dizeli tupu.

Mwisho, piga hesabu. Tangi la lita 60 lenye B20 lina lita 12 tu za biodizeli. Ukiipata kwa bei iliyo chini ya dizeli kwa Sh20, umeokoa Sh240 kwa tangi zima. Si haba, lakini pampu ikiharibika, fundi hudai maelfu kwa maelfu.

Kwa hivyo anayekuahidi utajiri kutoka karai la chipsi, muulize maswali matatu: imetokana na mafuta gani, imesafishwa vipi, na imepimwa na nani? Akibabaika, funga kifuniko cha tangi na uende zako. Rahisi inavunja upishi.

Hadi Jumapili ijayo, panapo majaliwa, endesha salama.