Mali bila Daftari: Uvumilivu katika Somo la Ujasiriamali na Deni la Wanakiswahili

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali hii imekaririwa mno katika vyuo vyetu hata imegeuka kuwa dawa ya kila ugonjwa. Mwanafunzi akilia karo, huambiwa avumilie. Akilemewa na somo, huambiwa avumilie. Akiomba kuelezwa tena asichokielewa, jibu ni lile lile. Katika makala haya ninakusudia kuitazama upya methali hiyo kwa kuangalia somo moja linalowatoa jasho wanafunzi wengi wa vyuo vya Kenya, yaani ujasiriamali, na kwa kumfikiria hasa mwanafunzi atokaye Biliqo, katika Kaunti ya Isiolo. Hoja yangu ni kwamba uvumilivu unaomfaa mwanafunzi huyo si ule wa kunyamaza na kukariri, bali ule wa kulihamisha somo hadi katika maisha anayoyajua. Kazi hiyo ni ya lugha, na kwa sababu hiyo sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna deni ndani yake.

Tuanze na neno lenyewe. Ujasiriamali ni mwambatano wa maneno mawili, ujasiri na mali. Mwanauchumi Joseph Schumpeter, katika kitabu chake cha mwaka 1911 kuhusu maendeleo ya uchumi, alimweleza mjasiriamali kuwa mtu anayeleta jambo jipya: bidhaa mpya, njia mpya ya kuzalisha, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi au mpangilio mpya wa shughuli. Kiswahili kimeutazama upande mwingine wa sarafu. Kimetangulia kutaja ujasiri, kisha mali ikafuata. Kwa mujibu wa neno letu, asiye na moyo wa kuthubutu na kustahimili hasara bado hajawa mjasiriamali, hata awe na fedha tele. Mwanafunzi akilitafakari neno hili kabla ya kufungua kitabu, amekwisha kuupata mlango wa somo.

Ujasiriamali haukuingia vyuoni Kenya kwa bahati. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mashuhuri kuhusu ajira nchini Kenya, nayo ikaonyesha kwamba mafundi na wachuuzi tuliozoea kuwaita watu wa jua kali walikuwa wakizalisha mali na kujiajiri bila msaada wa serikali. Ilipodhihirika kuwa ajira za ofisini hazitawatosha wahitimu, elimu ya ujasiriamali ilianza kufundishwa katika vyuo vya ufundi mwaka 1990. Tangu wakati huo fundi umeme, mshonaji na mwanafunzi wa ujenzi wote wamepaswa kulisoma. Kilele chake kimekuwa mpango wa biashara, ambao kwa desturi huwa na sura tano: maelezo ya biashara, soko, uongozi, uzalishaji na fedha. Hapo ndipo wengi hukwama, na sura ya fedha ndiyo huwakwamisha zaidi.

Sasa tumchukue mwanafunzi wa Biliqo. Kijiji chake kimo katika eneo la Merti, mashariki ya barabara kuu ya Isiolo na Moyale, katika nchi kavu inayopitiwa na mto Ewaso Nyiro. Wakazi wake wengi ni Waborana, wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Tangu utotoni mwanafunzi huyu ameona biashara. Ameona mbuzi wakipelekwa mnadani Merti, wakafika Isiolo, na hatimaye Kiamaiko jijini Nairobi. Anajua ni msimu gani bei hupanda na ni msimu gani mfugaji huuza kwa huzuni. Lakini anapoketi darasani, mifano anayopewa mara nyingi ni ya duka la rejareja, mkahawa au kiwanda cha mikate. Anaanza kuamini kwamba hajui lolote kuhusu biashara, ilhali amekulia ndani yake.

Chukua mada ya mtaji. Kitabu humwambia aende benki na hati ya ardhi iwe dhamana. Kwao ardhi ya malisho ni ya jamii nzima, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inautambua umiliki wa namna hiyo. Hakuna hati ya baba yake ya kuweka rehani. Mwanafunzi huandika uongo katika mpango wake ili apate alama. Laiti angeelezwa kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali zinazohamishika imeruhusu mifugo nayo kuwekwa dhamana, angekuwa na la kuandika lenye ukweli.

Chukua pia mada ya riba. Waborana wengi wa Isiolo ni Waislamu, na mwanafunzi anayetakiwa kukokotoa riba ya mkopo hukutana na swali la dini ambalo kitabu hakiligusi. Hata hivyo jibu lipo karibu. Benki inayofuata misingi ya Kiislamu, Gulf African Bank, ilianza kazi nchini Kenya mwaka 2008, na fikra ya ubia, ambapo mwenye mali na mwenye kazi hugawana faida kwa kadiri waliyopatana, ni ya kale katika pwani yetu.

Baada ya hayo, tuijaribu hesabu yenyewe, maana wengi hudai kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba. Tuseme mfanyabiashara amenunua mbuzi 20 kwa shilingi 6,000 kila mmoja. Ametoa shilingi 120,000. Usafiri ni shilingi 300 kwa kila mbuzi, jumla 6,000. Ushuru wa soko ni shilingi 100 kwa kila mbuzi, jumla 2,000. Chakula na ujira wa wasaidizi ni 4,000. Gharama yote ni shilingi 132,000. Huko aendako anauza kwa shilingi 8,000 kila mbuzi. Wakifika wote 20, mapato ni 160,000 na faida ni 28,000. Wakifa wawili njiani, mapato ni 144,000 na faida inashuka hadi 12,000. Wakifa watatu, faida ni 4,000 tu. Wakifa wanne, mapato ni 128,000, naye amepata hasara ya shilingi 4,000.

Ukigawanya gharama ya 132,000 kwa bei ya 8,000 unapata 16 na nusu. Maana yake ni kwamba mbuzi 17 lazima wafike wakiwa hai, la sivyo safari nzima ni ya bure. Hiyo ndiyo mada inayowatisha wanafunzi, mada ya kutafuta mahali ambapo hakuna faida wala hasara. Imeelezwa kwa gharama, mapato, faida, hasara na ushuru, maneno ambayo hata mchuuzi asiyesoma huyatumia. Mtoto wa mfugaji hawezi kuisahau, kwa kuwa amewaona mbuzi hao wakilala chini ndani ya lori.

Mifano ya namna hii haiishii hapo. Mjini Isiolo wanawake wa ushirika wa Anolei hukusanya maziwa ya ngamia na kuyasafirisha kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Ndani ya biashara hiyo imo karibu kila mada ya kitabu: ubora, maana maziwa yakichacha yamepotea, uhifadhi, maana jua la Isiolo si la mzaha, na soko, maana mteja yuko mbali. Waborana wana desturi iitwayo busa gonofa, ambayo kwayo aliyepoteza mifugo huchangiwa na jamaa zake ili aanze upya. Je, hiyo si mbinu ya kukabili majanga ya biashara? Na ilipozinduliwa bima ya mifugo mwaka 2010 huko Marsabit, bima ambayo hupima ukavu wa malisho kwa picha za setilaiti na kumlipa mfugaji, fikra ya kale ya kugawana hasara ilipata umbo jipya. Mwanafunzi anayezilinganisha mbili hizi, akaonyesha nguvu na udhaifu wa kila moja, ameandika jambo ambalo mhadhiri wake atalisoma kwa hamu.

Nafahamu kuwa wapo watakaonipinga. Watasema kwamba mtihani huandikwa kwa Kiingereza, na kwamba kumzoesha mwanafunzi Kiswahili ni kumpotezea muda. Wengine wataongeza, na hapa wana haki, kwamba lugha ya kwanza ya mtoto wa Biliqo ni Kiborana. Kiswahili nacho amejifunza. Sipingi kwamba mtihani una lugha yake. Ninachosema ni kwamba dhana huelewa kwanza, kisha hupewa jina la mtihani. Anayekariri jina bila dhana husahau vyote viwili mara atokapo ukumbini. Ama kuhusu Kiborana, mwanafunzi na akitumie bila haya anapofikiri. Lakini katika soko la Isiolo, ambako Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru hukutana na kupatana bei, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010 imekifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha ya soko haiwezi kuwa mgeni katika darasa la biashara.

Hata hivyo, haki haitatendeka tukimtwika mwanafunzi mzigo wote. Uvumilivu una mpaka wake. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini mwa Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Katika jamii ambayo karo hutoka zizini, kifo cha mifugo ni kufungwa kwa mlango wa chuo. Kumwambia kijana wa namna hiyo avumilie, bila kumtafutia basari wala kumpa nafasi ya kulipa polepole, ni kumdhihaki. Methali husema mkono mtupu haulambwi. Basi nao wanaohubiri subira wasije mikono mitupu.

Sisi wanachama wa vyama vya Kiswahili tunaweza kuja na nini? Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, tuandae kijitabu cha istilahi za ujasiriamali chenye mifano ya ufugaji, uvuvi na kilimo. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, lilikwisha kutuonyesha njia kwa orodha zake za Tafsiri Sanifu. Kazi yetu ni kuyatoa maneno katika orodha na kuyatia katika hesabu za mbuzi na maziwa. Pili, wanafunzi wa Kiswahili na wa biashara wakutane katika vikundi vya kujisomea, mmoja alete dhana na mwingine alete lugha, kisha mpango wa biashara usomwe kwa sauti kwa Kiswahili kabla ya kuandikwa kwa Kiingereza. Tatu, wahadhiri wetu waruhusu tasnifu kuhusu lugha ya masoko na minada, maana hazina ya msamiati iko huko kuliko katika maktaba.

Kwa mwanafunzi wa Biliqo, na wenzake wa Turkana, Lamu na kwingineko wanaolemewa na somo hili, nina neno moja. Usiache. Lakini usikae tu ukingoje somo likuhurumie. Litwae uende nalo nyumbani wakati wa likizo, uhesabu zizi la baba, umuulize mama bei ya maziwa ya kiangazi na ya masika, uandike kila shilingi iingiayo na itokayo. Waswahili wametuachia usia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana aliyekwisha kulifungua daftari hilo kwa mkono wake mwenyewe na kwa lugha anayoielewa hatalitetemekea tena swali la mtihani, kwa kuwa jibu amekwisha kuliandika zizini.