Ukuta wa Hoteli Haujamtunza Msanii

Kila anayerudi kutoka fukwe za Unguja siku hizi anakuja na wimbo uleule: hoteli ndogo za kifahari ndizo zinazoitunza sanaa yetu. Ameona Tingatinga juu ya kitanda, kinyago cha Kimakonde penye ngazi, mlango wa njumu ukutani mapokezi, basi anaamini kwamba bila mwenye hoteli msanii angelala njaa. Napinga. Sanaa iliyonunuliwa kupamba chumba imepata mnunuzi, haijapata mtunzaji.

Mlango ndio unaoniuma zaidi. Mlango wa Mji Mkongwe ulichongwa utazame njia. Tajiri alimlipa fundi, lakini mchukuzi na muuza kahawa nao waliusoma kila siku bila kulipa senti: mnyororo uliochongwa pembezoni, mfaa katikati, na mara nyingine aya ya Kurani kwenye kizingiti cha juu. Ung'oe, upakie kwenye lori, upeleke pwani nyuma ya geti lenye askari, na mtaa umebaki na tundu ukutani. Nimeuona mmoja umelazwa, umewekewa kioo juu, watu wanakula chakula cha jioni juu yake. Mwenyeji wangu aliniambia kwa fahari kwamba wameuokoa. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Je, tunauhifadhi mji kwa kuubomoa kipande kipande?

Najua jibu: milango mingine ilikuwa inaoza. Ni kweli. Dawa ya mlango unaooza ni fundi, na mafundi wa kuchonga wapo Unguja leo, wanatafuta kazi. Mwenye hoteli Paje au Nungwi akiagiza mlango mpya, fundi anakula na kijana anayemfundisha anapata cha kujifunzia. Akinunua wa zamani, anayekula ni dalali.

Na picha je? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kupaka baiskeli, akiwauzia hasa wageni wa Oysterbay. Wanunuzi alikuwa nao. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa akiwa na miaka michache tu ya kazi. Kilichouokoa mtindo wake ni ndugu na wanafunzi wake, walioendelea kuketi na kuchora, wakafundishana, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao. Wanunuzi hawakufanya hayo, na hatuna sababu ya kuwapa sifa hiyo leo.

Tazama vyumba vyenyewe. Shampuu ina jina la aliyeitengeneza, hata taulo lina lebo. Picha iliyotumika kupandisha bei ya chumba haina jina. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania imo tangu 1994, unampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake. Si hisani ya meneja.

Wengine watasema amekwisha kulipwa, anataka nini tena? Amelipwa kwa bodi na rangi, ameuza kitu kimoja mara moja. Hakuuza ruhusa ya picha yake kuwekwa kwenye vipeperushi na matangazo mwaka baada ya mwaka. Ufaransa ilikubali tangu 1920 kwamba mchoraji ana fungu lake kazi yake inapouzwa tena, kwa sababu walikwisha kuona wajane wa wachoraji wakiomba huku kazi za waume zao zikitajirisha wengine. Sisi bado tunamshukuru mnunuzi kwa kununua.

Kwa hiyo mwenye hoteli anayetaka kuitwa mlezi wa sanaa aonyeshe mikataba: nani alichora, alilipwa nini, na matangazo yanamlipa kiasi gani. Kisha atoe siku moja kwa mwezi, watoto wa shule za Jambiani waingie bila kiingilio, waone kilichochorwa na watu wao.