Mkataba Hutangulia Safari

BARAZA LA UGHAIBUNI
Na Salim Hamadi Mwinyi, Birmingham

Katika New Street, katikati ya mji huu wa Birmingham, lipo jengo la hoteli lililoitwa zamani Midland na baadaye Burlington, ambamo tarehe 20 Aprili 1968 Enoch Powell, mbunge wa Wolverhampton, alitoa hotuba ya kuwatia watu hofu juu ya wageni, hata kesho yake Edward Heath, kiongozi wa chama chake, akamwondoa katika safu ya mbele ya chama. Sisi watu wa Afrika Mashariki tukaao hapa aghalabu huikumbuka hotuba hiyo kwa uchungu na kuisahau sheria iliyoitangulia kwa wiki saba tu, ambayo ilitudhuru zaidi, kwa kuwa haikuwa kauli ya mtu mmoja bali amri ya dola.

Chanzo cha sheria hiyo kilikuwa Nairobi. Mwaka 1967 serikali ya Kenya, kwa haki iliyo ya kila nchi huru, ilitunga sheria za kuwataka wasio raia wawe na vibali vya kazi na leseni za biashara. Na maelfu ya Wahindi wa Kenya, waliobaki na pasipoti za Uingereza baada ya uhuru, wakaanza kupanda ndege kwenda London. Serikali ya Uingereza chini ya Harold Wilson ilimtuma mjumbe wake Malcolm MacDonald kwa Mzee Kenyatta, naye akarudi bila mapatano; ndipo, kwa muda usiotimia wiki moja, Bunge likapitisha sheria, iliyoidhinishwa tarehe 1 Machi 1968, kwamba pasipoti hiyo haimpi mwenyewe ruhusa ya kuingia ila yeye mwenyewe, mzazi, babu au bibi yake awe mzaliwa wa Uingereza au aliyepewa uraia huko, na mahali pa haki iliyofutwa zikatengwa hati 1,500 kwa mwaka za kugawiwa wakuu wa familia. Kila serikali ilikuwa na mamlaka yake, na kila moja iliyatumia. Waliodhulumika ni raia wasiokuwa na kosa ila kuziamini karatasi zao.

Miaka minne baadaye, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 za kuondoka. Safari hii waziri mkuu alikuwa Heath yule yule, naye akakiri kuwa wenye pasipoti za Uingereza ni dhamana ya Uingereza, akaunda bodi ya kuwapokea, na watu wapatao 28,000 wakaingia. Kanada ikachukua maelfu yake, India ikachukua yake, na wasiokuwa na uraia wa nchi yoyote Umoja wa Mataifa ukawatafutia makao katika nchi nyingine. Haukuwa ukarimu mtupu, maana halmashauri ya Leicester ilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi watu wasije kwao. Walakini serikali zilisemezana na mzigo ukagawanywa, na ule msiba, pamoja na mali yote iliyopotea, haukuzidi kuwa mkubwa.

Nayataja ya kale kwa sababu mambo yale yamo mbele yetu leo kwa sura nyingine. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitiliana saini mapatano juu ya wauguzi, na tangu hapo ikawa muuguzi wa Kenya aajiriwe kwa njia ya serikali mbili, si kwa mlango wa dalali. Tanzania na Uganda zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, ambazo hospitali za Uingereza zimekatazwa kwenda kusaka wauguzi. Huo ni mwanzo mwema. Lakini Februari 2022 Uingereza ilifungua njia nyingine, ya wahudumu wa wazee na wagonjwa, na hiyo haikutanguliwa na mapatano ya namna ile. Machi 2024 ikawakataza kuja na wake, waume na watoto wao, na Julai 2025 ikaacha kuajiri wapya kutoka ng'ambo.

Mama mmoja wa Mombasa, jirani yangu hapa Small Heath, alinifungulia bahasha mezani pake. Ndani mlikuwamo hati ya udhamini yenye jina la kampuni iliyomwita, risiti ya fedha aliyotozwa na wakala, ambayo kwa haki asingetozwa hata senti, na barua ya kumwarifu kuwa leseni ya kampuni imefutwa, naye ana siku 60 za kupata mwajiri mwingine mwenye leseni au kuondoka. Aliahidiwa kazi ya saa 40 kwa wiki. Alipata saa za kuhesabika. Hayuko peke yake: kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 leseni zaidi ya 470 za waajiri wa namna hiyo zilifutwa. Aliyevunja sharti ni mwajiri, na anayehesabiwa siku ni mtumishi. Kwa miaka mingi tumeilaumu kafala ya nchi za Ghuba kwa kumfunga mfanyakazi kwa tajiri wake. Insafu yatutaka tuseme vivyo hivyo juu ya mpango huu.

Wapo watakaojibu kuwa kila nchi ina haki ya kuchagua nani aingie. Siikanushi haki hiyo, na Kenya ya 1967 iliitumia. Nisemalo ni kuwa aitaye mtu kwa kazi amejitwika dhima, na dhima isiyoandikwa haidaiwi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya uhamaji, uliopitishwa Marrakech mwaka 2018, ambao Uingereza iliupigia kura ya ndiyo, unataja katika lengo lake la 6 uajiri wa haki, lakini haumlazimishi mtu. Kinacholazimisha ni mapatano ya nchi kwa nchi, na hapo serikali za Nairobi, Kampala na Dodoma huenda kila moja kivyake, ilhali zimefungamana tangu 2010 kwa itifaki ya soko la pamoja inayowaruhusu watu wao kufanya kazi kwa jirani.

Alhasili, Jumuiya ya Afrika Mashariki na iketi na Uingereza, kadhalika na Riyadh na Muscat, kwa sauti moja, na isimruhusu wakala kuandikisha mtu mpaka yawe yameandikwa haya: kibali kiwe cha mfanyakazi katika kazi yake wala si cha mwajiri, gharama zote za kuajiri alipe aajiriye, na leseni ya tajiri ikifutwa, mtumishi apewe muda wa kutosha na mishahara aliyonyimwa. Serikali isiyokubali masharti hayo imekwisha kutuarifu mapema jinsi itakavyowatendea watu wetu, nasi hatutakuwa na udhuru wa kuwapeleka.