Si Kila Kopo la Maziwa ni Huruma



Wapendwa waamini, kila mvua kubwa zinapojaza mabonde ya Ubungo na majirani zetu wakakimbilia kwenye madarasa ya shule, wema wenu huonekana mara moja. Unga huja, maharage huja, vitenge na magodoro huja. Wala hayakosekani makopo ya maziwa ya watoto wachanga, tena na chupa zake. Nia ya watoaji siitilii shaka. Ninalolipinga ni kopo, na zaidi ninaipinga fikra iliyojificha nyuma yake: kwamba mtoto aliyempoteza mama yake hana mwingine wa kumnyonyesha, katika mtaa uliojaa kina mama wenye watoto mgongoni.

Tukumbuke Desemba 2011. Mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Maji yanapopanda, vyoo hufurika, visima huchafuka, mkaa hulowa. Maziwa ya unga, hata kopo likiwa jipya, yaweza kuwa na vijidudu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huelekeza yakorogwe kwa maji yaliyochemshwa ambayo joto lake halijashuka chini ya nyuzi 70. Nani atayachemsha usiku na mchana, darasani wanamolala watu kwa makumi? Mwongozo wa kimataifa wa kulisha watoto wachanga wakati wa maafa, toleo la 2017, unakataza waziwazi kutoa au kupokea misaada ya maziwa ya kopo, chupa na chuchu zake. Kwanza mama mwenyewe asaidiwe kunyonyesha. Asipokuwapo, atafutwe mwanamke mwingine. Kopo hubaki kwa mtoto aliyekosa yote hayo, chini ya macho ya mhudumu wa afya, na kwa kikombe.

(Na tuache kuwaambia kina mama walionusurika kwamba hofu imewakausha maziwa. Mshtuko waweza kuyachelewesha kutoka. Mtoto akiwekwa kifuani mara kwa mara, hutoka.)

Kwetu Wakristo jambo hili halipaswi kuwa geni. Musa alipookotwa mtoni, dada yake alijitolea mara moja kumtafutia binti Farao mwanamke wa kumnyonyesha. Mtakatifu Felisita alijifungua gerezani huko Karthago mwaka 203, mimba ikiwa ya miezi minane, siku chache kabla ya kuuawa kwa ajili ya imani. Binti yake alichukuliwa na dada mmoja Mkristo, akamlea kama mwanawe. Kichanga yule aliishi kwa nini, kama si kwa maziwa ya mwanamke?

Najua swali linalofuata: "Padre, na Ukimwi je?" Ni swali la haki, wala halijibiwi kwa mafumbo. Virusi hupita katika maziwa. Kwa hiyo atakayemnyonyesha mtoto wa mwenzake na apimwe kwanza. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya nusu saa. Hali ya mtoto nayo ijulikane, maana mtoto mwenye virusi aweza, ingawa ni nadra, kumwambukiza anayemnyonyesha. Lakini hofu isiyopimwa nayo huua. Serikali ya Botswana ilikuwa ikiwapa bure maziwa ya kopo kina mama wenye virusi, kwa nia ya kuwakinga watoto. Mvua kubwa za mwanzoni mwa 2006 zilipochafua maji, watoto zaidi ya 500 walikufa kwa kuhara katika miezi michache. Wachunguzi waliokwenda hospitalini walikuta kwamba karibu watoto wote waliolazwa hawakuwa wakinyonya.

Jirani zetu Waislamu wana jambo lao, nasi tuliheshimu: kwao walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Sheria ya Kanisa letu haina kizuizi hicho, lakini mtaa ni mmoja. Mama Mkristo akimnyonyesha mtoto wa Kiislamu, majina yaandikwe na familia zifahamiane. Sioni hasara katika kupata ndugu.

Nisichokubali ni wanaosema kwamba kumnyonyesha mtoto asiye wako ni ushamba wa mababu. Ushamba gani huo, unaookoa uhai? Wengine huuliza nani atamlisha huyo mama, na hapo wana hoja: anayenyonyesha huhitaji takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku. Basi fedha inayonunua kopo na inunue unga, maharage na dagaa wake.

Naziomba jumuiya ndogondogo, pamoja na WAWATA, kabla ya masika ziwatafute kina mama walio tayari, waende wakapimwe. Orodha ikae kwa muuguzi wa zahanati, isikae kwa katibu wa jumuiya, wala isisomwe kanisani. Na asiyekuwamo asiulizwe kwa nini hayumo. Makopo yaliyokwisha kuletwa tutayakabidhi kituo cha afya. Chupa hatutazigawa.

Paroko wenu